Miwani ya Mtandaoni: Anza na Fremu, Lenzi Baadaye

Rafiki zangu wanaotaka kuagiza miwani mtandaoni huja na swali moja: ninunue lenzi gani? Fremu wameshaichagua, mara nyingi ile pana inayofunika nusu ya uso. Namba za macho wameshajaza. Wamefika kwenye ukurasa wa lenzi, wamekuta majina wasiyoyajua na bei zinazozidi kupanda, ndipo wanaponitumia picha ya skrini. Huwa siwajibu hapo hapo. Nawauliza kwanza: fremu yenyewe ina milimita ngapi? Mazungumzo hukatika, maana hakuna aliyeangalia.

Siwalaumu. Duka la mtandaoni limepangwa hivyo makusudi. Kwanza uipende sura, moyo ukishatulia hapo ndipo uanze kuuziwa lenzi nyembamba, kisha nyembamba zaidi, kisha nyembamba kuliko zote. Mtu mwenye namba ndogo, tuseme -1.25, hana cha kuhangaika: karibu fremu yoyote itamkubali na lenzi ya bei ya chini inamtosha. Makala haya ni ya sisi wengine. Jicho langu la kulia ni -6.00, la kushoto -5.25, na yote mawili yana astigimatizimu, yaani jicho halikupinda sawasawa pande zote. Nikisimama kituoni bila miwani, rangi ya mstari ubavuni mwa daladala naiona, maandishi ya njia siyaoni mpaka gari liwe limeshafika na konda ameshaanza kuita. Mtu wa namba hizi akichagua fremu vibaya, hela yote anayoiongeza kwenye lenzi inakwenda kupunguza madhara ya fremu.

Kabla ya fremu, lakini, kuna karatasi. Nenda ukapimwe na mtaalamu wa macho, ukae kwenye kile kiti, usome herufi za ukutani, akubadilishie vioo huku akiuliza "hii au hii?" mpaka uchoke. Ukimaliza, omba vipimo vyako. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kuna duka moja la miwani hapa Dar, jina tuliache, nililipia kupimwa, nikaomba karatasi, dada wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, sisi hatutoi karatasi, miwani tunatengeneza hapa hapa." Nikamwambia, dada yangu, nilicholipia ni kipimo. Akaenda kumwita mkubwa wake. Karatasi niliipata, imeandikwa mbiombio na nusu ya vitu havimo. Marekani jambo hili lina kanuni yake: tangu 1978 anayekupima anatakiwa akukabidhi vipimo vyako mara tu anapomaliza, uombe usiombe, ununue miwani kwake usinunue. Kwetu inategemea umesimamaje pale kaunta. Siku hizi nauliza kabla ya kutoa hela: mnatoa karatasi ya vipimo? Wakianza kutazamana, naaga.

Karatasi yenyewe haina maajabu. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. SPH ndiyo namba kuu: ikiwa na alama ya kutoa, mwenyewe haoni mbali, ikiwa na ya kujumlisha, shida yake inaanzia karibu. CYL na AXIS huenda pamoja na zote zinahusu astigimatizimu, moja inasema ni kiasi gani, nyingine inasema imelala kwa nyuzi ngapi, kuanzia 1 hadi 180. ADD ni nyongeza ya kusomea kwa waliovuka arobaini na kitu. Namba hupanda kwa robo robo, kwa hiyo ukiona -5.20 ujue kuna mkono ulioteleza, rudi ukaulize.

Alama ndiyo ya kuogopa kuliko tarakimu. Wako wanaoandika CYL kwa kutoa na wako wanaoiandika kwa kujumlisha, na wote wako sahihi. SPH -6.00, CYL -0.75, AXIS 170 ni lenzi ile ile moja na SPH -6.75, CYL +0.75, AXIS 80. Balaa linakuja mtu anapochukua nusu ya huku na nusu ya kule, au anapoona fomu ya tovuti imeanza na alama ya kutoa akadhani ya kujumlisha ni kosa la daktari. Nakili kama ilivyoandikwa, halafu mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti wewe ukiangalia skrini.

Kinachokosekana karibu kila mara ni PD, yaani umbali kati ya mboni ya jicho moja na ya jingine. Watu wazima wengi wako kati ya milimita 54 na 74. Ukinunua dukani fundi anakupima mwenyewe, ndiyo maana wengi hawahangaiki kuiandika. Ukiagiza mtandaoni fundi yuko bara jingine, na baadhi ya tovuti zitakuwekea 63 au karibu na hapo ukiacha pengo wazi. Kila lenzi ina kituo chake, sehemu moja ambapo mwanga unapita bila kupindishwa, na kituo hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni. Kikihama, lenzi inaanza kufanya kazi ya prizimu: inaisogeza picha pembeni, na misuli ya macho inalazimika kuikimbiza. Hesabu yake haihitaji chuo: zidisha namba ya lenzi kwa umbali uliokosewa, kwa sentimita. Mtu wa -1.00 aliyekosewa milimita 5 anapata prizimu nusu, na huenda asijue maisha yake yote. Mimi wa -6.00, kwa milimita hizo hizo, napata 3. Hiyo ni kichwa kuuma kabla ya chai ya saa nne.

Mimi hupimwa na mke wangu kwa rula ya shule ya mtoto. Maelekezo ya mtandaoni husema uweke sifuri katikati ya mboni. Jaribu hilo kwa macho meusi kama yetu: kile kiduara cha katikati kimemezwa na kahawia inayokizunguka, hukioni vizuri mpaka ummulike mtu na tochi, na ukimmulika anafumba. Sisi tunatumia mpaka wa weusi na weupe, ambao hauna ubishi. Tunakaa tunatazamana, urefu wa mkono mmoja kati yetu. Yeye anafumba jicho lake la kulia, mimi naangalia lake la kushoto lililo wazi, naye anaweka sifuri kwenye ukingo wa jicho langu la kulia, upande wa sikio. Rula haisogei. Anafumba la kushoto, anafumbua la kulia, mimi nahamishia macho huko, naye anasoma namba iliyokutana na ukingo wa jicho langu la kushoto, upande wa pua. Ukingo wa nje wa jicho moja hadi ukingo wa ndani wa jingine ni sawa na mboni hadi mboni. Tunarudia mpaka namba zikubaliane. Yangu ni 64.

Kuna programu za simu zinazokuambia ushike kadi ya benki kwenye paji la uso kisha ujipige picha. Si uganga: kadi hizo zina upana wa milimita 85.6 popote duniani, kwa hiyo simu inapata cha kulinganishia. Tatizo ni kwamba ukiikodolea kamera iliyo karibu, macho yanaelekea puani kidogo na kipimo kinapungua. Kwa kulinganisha na rula, sawa. Peke yake, hapana.

Haya, fremu. Vua miwani uliyovaa, angalia upande wa ndani wa mkono wake. Utaona maandishi kama 54□18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja, ya pili ni daraja la puani, ya tatu ni urefu wa mkono mzima, kuanzia kwenye bawaba mpaka ncha yake nyuma ya sikio, zote kwa milimita. Tovuti inayojiheshimu inaziweka chini ya kila picha. Kwenye isiyoziweka sinunui kitu, hata fremu iwe nzuri namna gani. Kile kioo cha simu kinachokuvalisha miwani kwenye picha ya uso wako ni burudani. Kinakuonyesha rangi na umbo, ukubwa hakiujui vizuri.

Jumlisha namba mbili za kwanza. 54 na 18 ni 72: huo ndio umbali kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyingine ndani ya fremu hiyo. PD yangu ni 64. Zimezidi 8, maana yake kila lenzi lazima isogezwe milimita 4 kuelekea puani ili kituo chake kinikute. Sasa kumbuka lenzi ya asiyeona mbali ni nyembamba katikati na nene pembeni. Ukikisogeza kituo ndani, ukingo wa upande wa sikio unabaki mbali nacho, na unene hauongezeki taratibu kadiri unavyokwenda pembeni. Unaongezeka kwa mraba wa umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, unene wa nyongeza unakuwa mara nne.

Kwa makadirio ya mezani, chukua umbali kutoka kituo hadi ukingo wa mbali, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa namba ya jicho, kisha gawanya. Kwa plastiki ya kawaida, ile wanayoiita 1.50 (maana ya namba hizi inakuja mbele, kwa sasa jua tu kwamba kubwa ni lenzi nyembamba zaidi), unagawanya kwa 1000. Fremu ya 54□18: nusu ya lenzi ni 27, ongeza 4 za kusogeza, ni 31. Kwa jicho langu la -6.00 jibu linakaribia milimita 5.8, hapo bado hujaweka unene wa katikati. Chukua sasa fremu ya 47□19. Jumla 66, kila lenzi inasogea milimita 1 tu, umbali hadi ukingo ni 24.5. Jibu: 3.6. Jicho lile lile, plastiki ile ile ya bei ya chini, zaidi ya milimita mbili zimeondoka bila kulipa chochote.

Rudi kwenye ile fremu kubwa, ulipie lenzi ya 1.67 ambayo ndiyo ukurasa ule ulikuwa unakusukumia. Kwa lenzi hiyo unagawanya kwa 1340. Unapata 4.3. Lenzi za aina hii huweza kukatwa nyembamba kidogo zaidi katikati, kwa hiyo ukijumlisha kila kitu, plastiki ya kawaida kwenye fremu ndogo na lenzi ghali kwenye fremu kubwa zinatoka na unene unaokaribiana. Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza niliirudia nikidhani kikokotoo kimenidanganya. Ndiyo maana siku hizi nachukua fremu ndogo pamoja na lenzi ya 1.60, ngazi ya kati, na ukingo unanitokea karibu milimita 3 juu ya unene wa katikati. Ngazi za juu zaidi ya hapo, kwa fremu kama hiyo, zinakupunguzia sehemu ya milimita kwa hela inayoweza kununua miwani ya akiba.

Najua fremu kubwa ndizo zinazovaliwa. Mdogo wangu wa kike aliniambia kwa fremu hizi nimekuwa kama mwalimu wa hesabu wa miaka ya themanini. Sikubishana naye, wale walimu walikuwa wanakuona mpaka dawati la mwisho. Mwenye uso mpana naye asikate tamaa, asikimbilie lenzi ya 56. Atafute fremu yenye lenzi ndogo lakini daraja pana, kama 49□22, au iliyotanuka pale kwenye bawaba. Umbo nalo lina neno: duara na mviringo hazina kona za mbali, wakati zile za rubani, zinazoning'inia kuelekea shavuni, zinaweka unene wote kule chini nje ambako kila anayekaa pembeni yako anauona.

Halafu pua. Hili wauzaji wa nje hawalizungumzi vya kutosha. Fremu nyingi za plastiki zimechongwa kwa pua iliyoinuka na kuwa nyembamba pale juu. Kwa wengi wetu daraja la pua liko chini na limetanuka, kwa hiyo fremu haina pa kukalia: inateremka, inakaa juu ya mashavu, ukicheka inapanda, ukitoka jasho inakwenda ncha ya pua. Hapo kituo cha lenzi ulichokipima kwa rula kwa uangalifu wote kimeteremka nacho. Yupo mbunifu kutoka Malawi, Ackeem Ngwenya, aliyeanzisha kampuni ya Reframd kule Berlin kwa ajili ya tatizo hili hili, fremu zinazoanza na pua ya Mwafrika. Zile zinazouzwa kwa jina la mkao wa Asia au daraja la chini nazo husaidia wengi. Nje ya hapo, njia nyepesi ni fremu ya chuma yenye vile vipira viwili vya puani kwenye vishikio vyake. Vinapinda. Fundi anavisogeza mpaka vikae sawa, na vikichakaa vinabadilishwa kwa hela ndogo.

Kwa sisi tunaoishi pwani, ukisema chuma uliza ni chuma gani. Jasho na hewa ya chumvi vinaimaliza fremu ya bei rahisi kuanzia kwenye skrubu, na chini ya vipira vya puani unaanza kuona ukijani, dalili kwamba kuna shaba ndani ya mchanganyiko. Titani haina shida hiyo. Asetati, ile plastiki nzito yenye rangi nzuri, inapashwa moto ikarekebishwa. TR90, plastiki nyingine ya fremu, ni nyepesi na inapinda bila kuvunjika, lakini ina ubishi. Fundi akiikunja leo, kesho imerudi ilivyokuwa.

Nimefika kwenye lenzi, na kama umeshakubali fremu ndogo, sehemu hii ni fupi kuliko ulivyoogopa. Zile namba, 1.50 hadi 1.74, ni kiasi cha lenzi kupindisha mwanga. Kubwa inapindisha zaidi, kwa hiyo inahitaji unene mdogo. Ile ya 1.50 mara nyingi ni CR-39, plastiki iliyobuniwa Marekani mwaka 1940 na ambayo wakati wa Vita Kuu ya Pili iliingia kwenye matangi ya mafuta ya ndege za kivita kabla haijaingia kwenye miwani ya babu zetu. Usiidharau kwa kuwa ni ya bei ya chini. Kuna kipimo kingine kinaitwa namba ya Abbe, kinachosema lenzi inatawanya rangi kiasi gani. Kikiwa kikubwa ndiyo vizuri. CR-39 ina karibu 58. Lenzi ya 1.60 iko kama 41, ya 1.67 karibu 32, na polikaboneti, plastiki ngumu nitakayoieleza sasa hivi, 30. Kwa namba kubwa utaliona kwa macho: tazama taa ya barabarani kwa pembe ya lenzi, utaona ukingo wa bluu upande mmoja na wa manjano upande wa pili. Wengine hawajali. Mimi nikisoma maandishi meupe kwenye skrini nyeusi linaniudhi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuishia 1.60.

Polikaboneti ina sifa moja ambayo huwezi kuipinga: haivunjiki kirahisi. Mtoto, fundi wa kuchomelea, mtu mwenye jicho moja tu linaloona, hao wapewe polikaboneti na habari ya Abbe waiache. Mtu mzima wa ofisini halazimiki.

Mpako wa kuzuia mng'ao ndio ninaoulipia bila kunung'unika. Lenzi tupu ya 1.50 inarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila upande, jumla 8, ya 1.67 inafika kama 12. Kwa hiyo kadiri unavyonunua lenzi nyembamba ndivyo mpako unavyokuwa wa lazima. Endesha gari usiku Barabara ya Morogoro, bodaboda wote wakija na taa kubwa, utaelewa hela ilikwenda wapi. Mpako wa kuzuia mikwaruzo nao uwepo, ingawa mara nyingi unakuja bure. Kumbuka tu kwamba mikwaruzo mingi tunaiweka sisi wenyewe: vumbi limekaa kwenye lenzi, mtu anachukua ncha ya shati au kanga anasugua kavu. Maji na sabuni kidogo kwanza, ndipo kitambaa. Na usiiache miwani kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Joto linaupasua mpako vijistari vidogo vidogo ambavyo havifutiki.

Lenzi za kuzuia mwanga wa bluu siziongezi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, walichapisha mapitio ya majaribio 17 na hawakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa kukaa kwenye kompyuta, angalau kwa muda mfupi uliopimwa. Macho yanachoka kwa sababu tunasahau kupepesa na hatuinui kichwa. Zile zinazobadilika rangi juani ni suala la mapenzi yako, ila zijue tabia: zinaitikia miale ya UV, na kioo cha mbele cha gari kinaizuia, kwa hiyo ndani ya gari hazikusaidii sana. Tena joto linazifanya zisiive vizuri, na joto ndilo tulilo nalo. Ninayo miwani tofauti ya jua yenye namba, ya rangi ya kudumu, nimeridhika.

Kununua kwa nani? Hapa Dar, watu wakisema wameagiza miwani mtandaoni wengi wana maana ya Instagram: unachagua fremu kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo, unatuma karatasi kwa WhatsApp, unalipa kwa simu, bodaboda analeta. Hilo halina ubaya wowote. Faida yake ni kwamba fremu ikikubana una mahali pa kwenda. Hasara ni kwamba ukiuliza lenzi ni ya nini utajibiwa "ni original boss wangu," na original si aina ya plastiki. Uliza ni 1.50 au 1.60, ina mpako gani, na PD wametumia ngapi. Muuzaji anayejua kazi anajibu papo hapo. Njia ya pili ni tovuti za nje kama Zenni ya California, iliyoanza 2003 na kwa miaka mingi ikitangaza fremu na lenzi kwa chini ya dola 10. Wengi huagiza ziende kwa ndugu Houston au Minneapolis, akija likizo anakuja nazo kwenye begi. Bei ni nzuri kweli, lakini miwani iliyokatwa kwa macho yako haiuziki kwa mwingine, kwa hiyo soma masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, maana nauli ya kurudisha kifurushi huweza kumeza nafuu yote. Ikija kwa posta moja kwa moja, weka na hela ya ushuru pembeni. Lenzi zenyewe, kwa duka la Kariakoo au la California, zinaweza kuwa zimetoka sehemu moja: Danyang, mkoa wa Jiangsu, mji wa China unaoishi kwa kutengeneza miwani.

Ikifika, kabla sijaivaa naipeleka dirishani. Nondo za dirisha la nyumba zetu ni kifaa cha kupimia ambacho mafundi hawakukusudia. Naishika miwani mbali na uso, nafumba jicho moja, natazama nondo iliyosimama kupitia lenzi. Kipande kinachoonekana ndani ya lenzi kimekatika na kile kinachoonekana juu na chini yake, kimeruka pembeni. Nasogeza miwani kidogo kidogo mpaka nondo inyooke, ndani na nje iwe mstari mmoja. Nafanya hivyo hivyo kwa nondo iliyolala. Zinapokutana mbili zote zikiwa zimenyooka, hapo ndipo kituo kilipo. Naweka nukta kwa kalamu ya maka. Lenzi ya pili vivyo hivyo. Halafu rula kati ya nukta mbili. Isome 64, au ikosee kwa kiasi ambacho mkono wangu wenyewe unaweza kukosea. Ukiwa na astigimatizimu nondo zitaonekana zimelala kidogo ukizungusha miwani, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Nukta zinafutika kwa spiriti kidogo na maji.

Nguvu ya lenzi yenyewe nondo hazikwambii. Kwa hiyo napita kwa fundi yeyote mwenye mashine ya kusomea lenzi. Ni kazi ya dakika chache, na hapo hapo ananinyooshea mikono na vipira vya puani. Mafundi wengine hununa wakijua umeagiza kwingine. Mlipe vizuri, atanunua soda, mtaelewana. Siku chache za mwanzo sakafu inaweza kuonekana imeinama, hasa ukibadilisha fremu kubwa kwa ndogo. Ikiendelea kuinama baada ya hapo, usijilazimishe kuzoea. Rudi na karatasi yako.

Mama mkubwa wangu yuko Tanga. Alisikia habari hizi akanipigia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaagiza miwani kwa bei ya kuku. Na mimi niagizie, ile moja ya kuona mbali na kusomea humo humo."

Hiyo nilimkatalia. Lenzi zisizo na mstari, zinazobadilika taratibu kutoka juu kwenda chini, zinahitaji fundi apime mboni imekaa kimo gani ndani ya fremu yenyewe ikiwa usoni kwako, ikiwa imeshanyooshwa na kukalishwa. Milimita chache zikipotea, sehemu ya kusomea inakuwa mahali ambapo jicho haliendi, na mtu mzima anaanza kuinua kidevu kama anayetafuta embe juu ya mti. Rula ya shule na simu ya video haviwezi kazi hiyo. Nikamwambia akapimwe kwanza, anitumie karatasi. Macho yake mawili yakawa karibu sawa na astigimatizimu ni kidogo sana, kwa hiyo nikamshauri miwani mbili: ya kuona mbali nitamwagizia mimi, ya kusomea achukue zile zilizotengenezwa tayari za duka la dawa, kwa namba aliyoandikiwa. Zile tayari zina nguvu moja pande zote mbili na hazina CYL, kwa hiyo si za kila mtu, lakini kwake zilikubali.

Akasema miwani mbili ni nyingi, moja ataikalia. Kwenye oda nikaongeza kamba ya shingoni.